Maisha ya Reginald Mitchell, Msanifu wa Ndege ya Spitfire

Neno ndege lina tabia ambayo kila mwalimu wa Kiswahili hukutana nayo mapema darasani. Ndege aliye mtini huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai, nasi husema ndege huyu ameruka. Ndege iliyo uwanjani huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI, nasi husema ndege hii imeruka. Wanafunzi wa nchi zetu, ambao wengi wao wamekipata Kiswahili baada ya lugha ya mama, huchanganya mambo hayo mawili kwa muda mrefu, na dawa tunayoiamini ni kuwasomesha matini ndefu ambamo ndege ya pili hutajwa tena na tena pamoja na sehemu zake. Ndiyo sababu tumechagua kusimulia maisha ya mtu ambaye kwa miaka 20 alishughulika na ndege tu. Wasifu huu tumeuandika wote kwa usemi wa taarifa, bila alama za mtajo, ili mwalimu mwanafunzi aone jinsi maneno na mawazo ya mhusika yanavyoweza kufikishwa kwa msomaji bila kumpa nafasi ya kusema mwenyewe.

Reginald Joseph Mitchell alizaliwa tarehe 20 Mei 1895 huko Butt Lane, karibu na mji wa Kidsgrove, katika jimbo la Staffordshire nchini Uingereza. Hilo lilikuwa eneo la wafinyanzi na wachimba makaa, mbali na bahari na mbali zaidi na mambo ya anga. Baba yake, Herbert, alikuwa mwalimu, kisha akaiacha chaki na kuingia katika biashara ya uchapaji. Mitchell alikuwa na umri wa miaka minane wakati ndugu wawili wa familia ya Wright waliporuka Marekani kwa chombo chenye injini, na kama wavulana wengi wa kizazi chake, alitumia saa nyingi kuunda vijindege vya vijiti na karatasi.

Alipofikisha miaka 16 aliacha shule, akaingia uanagenzi katika kiwanda cha Kerr, Stuart huko Fenton, kilichounda vichwa vya garimoshi. Kazi ya karakana ilikuwa ya masizi na grisi, wala hakuipenda. Aliihimili, akahamishiwa katika ofisi ya wachoraji, na jioni akawa anahudhuria masomo ya uhandisi na hisabati. Hakupata kuingia chuo kikuu. Tunalisema hili kwa sababu baadhi ya vitabu humtaja kana kwamba alikuwa mwanasayansi wa maabara. Elimu yake ilikuwa ya kalamu ya risasi, rula na chuma kinachoshikika, nayo ilimfunza kukitilia shaka kila kisichoweza kuelezwa kwa maneno mepesi.

Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinapiganwa, aliomba kazi katika kampuni ndogo ya Supermarine iliyokuwa kando ya mto Itchen, Woolston, katika mji wa bandari wa Southampton. Kampuni hiyo iliunda ndege za majini, yaani zile ambazo hupaa kutoka juu ya maji na kutua juu ya maji. Alipokewa akawa msaidizi wa mwenye kampuni, Hubert Scott-Paine. Mwaka uliofuata alirudi kwao akamwoa Florence Dayson, mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo aliyemzidi umri kwa miaka 11, kisha wakahamia Southampton pamoja. Mwana wao wa pekee, Gordon, alizaliwa mwaka 1920. Wakati huo Mitchell alikwisha kupandishwa cheo akawa msanifu mkuu, akiwa na umri wa miaka 24.

Kati ya mwaka 1920 na 1936 alisanifu ndege 24 za aina mbalimbali. Nyingi kati ya hizo zilikuwa mashua kubwa zenye mabawa, zilizotumwa kulinda pwani na kubeba mizigo, na msomaji wa kawaida hazijui. Iliyojulikana zaidi ni Southampton ya mwaka 1925. Hatutakaa juu yake. Tunaitaja ili isidhaniwe kwamba mtu huyu alikuwa na ndege moja kichwani. Mkate wa kampuni ulitokana na hizo mashua, na jina lake lilitokana na mashindano ya mbio.

Mashindano hayo yaliitwa Kombe la Schneider, yakiwania kasi ya ndege za majini, na nchi ambayo ingeshinda mara tatu ndani ya miaka mitano ingelichukua kombe moja kwa moja. Mwaka 1922 Supermarine ilishinda huko Naples kwa ndege ya Sea Lion II, iliyorushwa na rubani Henri Biard kwa kasi ya takriban kilomita 234 kwa saa. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaja na ndege nyembamba zilizoiacha Uingereza nyuma sana. Mitchell akaelewa kwamba kurekebisha mashua ya zamani kusingetosha. Akaanza upya, na mwaka 1925 akapeleka Baltimore ndege ya S.4, yenye bawa moja lisiloshikizwa kwa waya wala nguzo yoyote nje. Kwa macho ilikuwa ndege nzuri kuliko zote za wakati wake. Kabla ya mashindano bawa likatetemeka angani, ndege ikaanguka baharini, na Biard akaokolewa akiwa hai.

Hapa tunaiona tabia iliyomfaa Mitchell kuliko kipaji chochote. Hakuling'ang'ania wazo zuri lililoshindwa. Katika ndege iliyofuata, S.5, alizirudisha nyaya za kushikiza mabawa, ingawa nyaya hupunguza kasi, kwa kuwa alitaka rubani arudi nyumbani. S.5 ilishinda Venice mwaka 1927 kwa kilomita 453 kwa saa. S.6, yenye injini mpya ya Rolls-Royce, ilishinda Uingereza mwaka 1929 kwa kilomita 528. Ushindi mmoja tu ukawa umebaki, na hapo serikali ya Uingereza, ikiwa imebanwa na hali mbaya ya uchumi wa dunia, ikatangaza kwamba haitatoa fedha. Mama tajiri, Lady Houston, akatoa pauni 100,000 kutoka mfukoni mwake. Tarehe 13 Septemba 1931 ndege ya S.6B iliruka peke yake, maana Waitalia na Wafaransa hawakuwahi kumaliza maandalizi yao, na kombe likabaki Uingereza moja kwa moja. Kabla mwezi haujaisha, ndege ya aina hiyohiyo ikafikia kasi ya kilomita 655 kwa saa, na kuvunja rekodi ya dunia.

Husemwa mara kwa mara kwamba Spitfire ni mtoto wa S.6B. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo ikichukuliwa neno kwa neno. Ndege ya mashindano iliruka kwa dakika chache, ikapozwa kwa maji yaliyopita chini ya ngozi ya mabawa yake, ikabeba vielea viwili vikubwa kama mitumbwi, na injini yake haikutarajiwa kudumu. Ndege ya vita hutakiwa kupaa kila siku, kubeba silaha na kutua kwenye majani. Kilichorithiwa ni ujuzi wa wale waliohusika: Mitchell alijua sasa namna ya kuupunguza ukinzani wa hewa, na wahandisi wa Rolls-Royce walijua namna ya kukamua nguvu nyingi kutoka katika injini ndogo.

Ushahidi wa haya ni kwamba jaribio lake la kwanza la ndege ya vita lilikuwa kazi hafifu. Wizara ya Anga ilikuwa imeomba ndege mpya ya kulinda anga, naye akasanifu ile iliyoitwa Type 224. Iliruka Februari 1934. Mabawa yake yalikuwa manene na yamekunjika kama ya shakwe, magurudumu yake hayakukunjwa ndani, na mfumo wake wa kupoza injini kwa mvuke ulichemka kila mara rubani alipopanda juu kwa kasi. Wizara ikaichagua ndege ya kampuni nyingine, ya mtindo wa zamani wenye mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini. Mitchell hakushangaa, kwa sababu alikwisha kuiona kasoro ya ndege yake kabla haijaruka, naye alikuwa ameanza kuchora nyingine.

Lakini kuna jambo tulilolipita. Agosti 1933 madaktari walimgundua kuwa na saratani ya utumbo mpana, wakamfanyia upasuaji mkubwa uliombadilisha mwili kwa maisha yake yote, wakamweleza kwamba ugonjwa huo waweza kurudi. Wengi kati ya waliofanya kazi naye hawakujua. Angeweza kupumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi ofisini, tena akaanza kujifunza urubani, akapata leseni Julai 1934, miezi 11 hivi baada ya kisu cha mganga. Hatupendi kumfanya mtakatifu kwa hilo. Watu wake walisimulia kuwa alikuwa mwenye haya na kigugumizi kidogo, na kuwa hakuna aliyethubutu kumkatiza alipokuwa ameinamia ubao wa kuchorea. Aliyeingia mlangoni alisubiri akitazama mgongo wake, na asipogeuka, aliondoka kimyakimya.

Ndege aliyoichora katika miaka hiyo iliitwa Type 300. Mwishoni mwa mwaka 1934 Rolls-Royce ikawa na injini mpya, ambayo baadaye ilipewa jina la Merlin, yenye nguvu za farasi zipatazo 1,000. Wizara ikatenga pauni 10,000 kwa ajili ya ndege moja ya majaribio. Ndipo likaja suala la silaha. Ofisa wa Jeshi la Anga, Ralph Sorley, alikuwa amefanya hesabu akaona kwamba katika kasi mpya rubani atamwona adui katika shabaha yake kwa sekunde mbili tu, na kwa hiyo bunduki nne hazitatosha, zinahitajika nane.

Bunduki nane lazima zikae ndani ya mabawa, pamoja na magurudumu yakiisha kukunjwa. Bawa jembamba huenda kasi, lakini bawa jembamba halina nafasi. Jibu lilitoka kwa Mitchell na mtaalamu wake wa mwendo wa hewa, Beverley Shenstone, raia wa Kanada. Waliyapa mabawa umbo la duaradufu: pana sana karibu na kiwiliwili, kisha yanapungua taratibu kwa mviringo hadi ncha. Kwa kuwa yalikuwa mapana shinani, yaliweza kuwa membamba kwa kimo na bado yakapata nafasi ya kuhifadhi vyote. Tena bawa lilipindwa kidogo sana kutoka shina hadi ncha, hata rubani alipokata kona kali kupita kiasi, shina lilianza kupoteza hewa kabla ya ncha, ndege ikatikisika na kumwonya. Marubani wachanga waliokoka kwa mtikisiko huo. Umbo hilo husifiwa kwa uzuri wake, ila Mitchell mwenyewe, kwa jinsi Shenstone alivyosimulia, hakujali kama bawa lina duaradufu au halina, mradi bunduki ziingie.

Jeffrey Quill, rubani kijana wa majaribio, alieleza jambo jingine ambalo sisi walimu tungependa kulikumbuka kila tunapoandaa somo. Mitchell alimwonya kwa maneno makali yasiyofaa kuchapishwa kitabuni kwamba mtu yeyote akimweleza jambo kuhusu ndege, likawa gumu mno hata asilielewe, basi aamini kwamba jambo hilo ni upuuzi mtupu.

Tarehe 5 Machi 1936, katika uwanja wa Eastleigh karibu na Southampton, nahodha Joseph Summers aliipaisha ndege hiyo kwa mara ya kwanza, kwa takriban dakika nane. Mitchell alikuwapo akitazama. Summers alipotua aliagiza kitu chochote kisiguswe. Usemi huo umeenezwa kana kwamba ndege ilizaliwa kamilifu, lakini rubani wa majaribio alimaanisha tu kwamba anataka kuirusha tena ikiwa katika hali ileile. Kwa kweli palikuwa na mengi ya kurekebisha. Kasi ya mwanzo haikuwaridhisha, hadi walipobadilisha pangaboi, ndipo ikakaribia kilomita 560 kwa saa. Hata vichwa vya ribiti vilifanyiwa utafiti wa kijijini: mafundi walibandika kwa gundi punje za njegere zilizopasuliwa juu ya kila ribiti iliyolazwa sawa na bati, wakaiona ndege ikipungukiwa kilomita 35 hivi kwa saa, kisha wakazibandua safu moja baada ya nyingine ili wajue ni wapi ribiti za vichwa vya duara, ambazo ni rahisi kupigiliwa, zingeweza kutumiwa bila hasara. Tunaipenda habari hii kuliko habari ya mabawa.

Jina la Spitfire lilichaguliwa na mkuu wa Vickers, kampuni iliyokuwa imeinunua Supermarine mwaka 1928. Kwa Kiingereza ni sifa ya mtu mwepesi wa hasira, hasa msichana, na huundwa kwa kuunganisha kitenzi na nomino. Kwa njia ileile tuliyoieleza katika sura ya unyambuaji, Kiswahili kingeweza kupata mtemamoto. Mitchell aliliona jina hilo la kipuuzi. Lilibaki.

Juni 1936 serikali iliagiza ndege 310, hata majaribio yakiwa hayajaisha. Kuziunda kukawa na shida, kwa maana bawa lililokuwa rahisi machoni mwa hewa lilikuwa gumu mikononi mwa fundi, na viwanda vilivyopewa kazi ya kuunda mabawa vilichelewa. Msanifu hakuiona hata moja kati ya hizo 310. Saratani ilirudi. Mapema mwaka 1937 aliacha kwenda ofisini, Aprili akasafirishwa kwa ndege hadi Vienna kwa matibabu ambayo hayakufua dafu, na mwishoni mwa Mei akarudishwa Southampton. Alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Juni 1937, akiwa na umri wa miaka 42.

Filamu iliyotengenezwa mwaka 1942, wakati wa vita, ilimwonyesha kama mtu aliyejiua kwa kazi kwa sababu alikwenda Ujerumani akaona hatari inakuja. Safari hiyo ni ya kubuni, na kilichomuua ni saratani. Watu waliokuwa vitani walihitaji shujaa, na hilo tunalielewa, ila mwalimu anapoandaa wasifu kwa darasa hana ruhusa hiyo.

Kazi iliendelezwa na Joseph Smith, mchoraji mkuu aliyekuwa msaidizi wake, ambaye hutajwa kidogo kuliko anavyostahili. Spitfire za kwanza zilifika kwa kikosi namba 19 huko Duxford Agosti 1938. Katika mapigano ya anga ya Uingereza ya mwaka 1940 zilipigana bega kwa bega na Hurricane, ndege ya Sydney Camm, ambazo zilikuwa nyingi zaidi na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Lakini sifa ilikwenda kwa Spitfire, na katika himaya yote ya Uingereza watu walichangishana fedha kuzinunua. Septemba mwaka huohuo kiwanda cha Woolston kililipuliwa kwa mabomu, na ndani yake zikateketea ndege mbili za majaribio za kazi ya mwisho ya Mitchell, ndege kubwa ya mabomu ambayo haikupata kuruka. Uundaji wa Spitfire ukatawanywa katika magereji na karakana ndogondogo za miji ya jirani, wakati kiwanda kikubwa karibu na Birmingham kikiongeza kasi.

Smith aliibadilisha ndege hiyo hatua kwa hatua, akaiwekea injini kubwa zaidi ya Griffon, mizinga badala ya bunduki, na hatimaye mabawa mapya kabisa. Zaidi ya 20,000 ziliundwa, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1948. Tarehe 1 Aprili 1954 Spitfire ya Jeshi la Anga la Uingereza ilipaa huko Malaya kupiga picha za msitu, nayo ikawa safari ya mwisho ya kivita ya ndege hiyo katika jeshi hilo. Mitchell angalikuwa hai, angalikuwa na umri wa miaka 58.